Mkia wa Kitenzi

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi alasiri mbele ya darasa la jioni la Kiingereza hapa Nakuru. Waliokosa nafasi ukumbini waliomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka kinywani, ila kikohozi nimekiondoa.

Walimu, wanafunzi, wazazi mliowasindikiza watoto, na wewe kijana uliyesimama mlangoni ukingoja mvua ipungue, hamjambo? Ingia ndani mwanangu, viti vipo, na hakuna atakayekuuliza kitu kwa Kiingereza.

Mwalimu wenu amenipa nusu saa. Mimi si mtu wa lugha, mimi ni muuguzi mstaafu, na nusu saa kwetu ni muda wa kuwapima wagonjwa sita presha, kwa hiyo nitajitahidi nisizidishe. Nimeitwa nizungumze juu ya maneno madogo ya Kiingereza yaliyonitoa jasho kuliko kazi yenyewe niliyoajiriwa kufanya.

Mwaka 2002 nilikuwa miongoni mwa wauguzi wa Kenya waliokwenda kufanya kazi Uingereza. Nilifika na Kiingereza changu kimepigwa pasi. Shuleni nilikuwa nikisoma insha yangu mbele ya darasa, barua za maombi ya kazi nilikuwa nikiwaandikia majirani, sikuwa na wasiwasi wowote. Wiki ya pili, zamu ya usiku, simu ya wodi ikalia. Mwanamume anamuulizia baba yake aliyefanyiwa upasuaji jioni ile. Anasema: "Has he come round yet?"

Nikatafsiri kichwani. Come, kuja. Round, kuzunguka. Halafu nikakumbuka kwamba jirani yangu wa kule alikuwa akiniambia "come round for tea", yaani pitia kwangu tunywe chai. Basi nikajiona mjanja. Huyu anauliza kama kuna mtu amekuja kumwona mgonjwa. Nikamjibu kwa adabu zangu zote: "No, sir. Nobody comes at this hour." Upande wa pili kimya. Akauliza tena, sauti imeshuka: "He hasn't come round at all?" Nami nikasisitiza, maana muuguzi hafai kuyumba: "Not at all, sir."

Sista wa zamu alikuwa akinisikia. Aliruka kutoka kitini akaichukua simu mkononi mwangu. Mzee alikuwa amezinduka kutoka usingizi wa dawa tangu saa tatu usiku, tena alikuwa ameshakunywa chai na kuulizia miwani yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikimuua kwa simu, kipande kwa kipande, na mwanawe akisikiliza.

Neno nililofundishwa mimi ni "regain consciousness". Ningeulizwa hivyo ningejibu hata nikisinzia. Lakini nani anamuulizia baba yake saa tano usiku kwa maneno ya kitabu?

Hapa mbele yangu naona wauguzi wanaojiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS au ule wa OET, na tangu Kenya na Uingereza zitie sahihi mkataba wa wahudumu wa afya mwaka 2021 wengi wenu mmenijia nyumbani na maswali. Naona madereva wanaowapeleka watalii ziwani. Naona vijana wanaoandika mahojiano ya watu wa ng'ambo kwa kompyuta, wakilipwa kwa dakika ya sauti. Wote nyinyi mwalimu ananiambia mko ngazi ya kati. Pole zenu. Anayeanza ana raha yake, haelewi na anajua kwamba haelewi. Wa ngazi ya kati anajua kila neno katika sentensi, moja baada ya jingine, na bado sentensi inampita kama matatu iliyojaa.

Vitenzi kama hicho come round walimu wanaviita phrasal verbs, jina lililoenea karne ya ishirini ingawa vitenzi vyenyewe ni vya kale. Mimi naviita vitenzi vyenye mkia. Mbele kuna kitenzi kifupi cha kila siku: get, put, take, come, go, look. Nyuma kuna kijineno: up, off, out, on, down. Ukivijua vyote viwili peke yake bado hujajua vinamaanisha nini vikiwa pamoja. Na usidhani ni wewe tu. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa London mwaka 1755, alisema kwenye dibaji kwamba hapa ndipo wageni wanapotaabika zaidi. Hiyo ni zaidi ya karne moja kabla ya reli kufika Nakuru, na hali haijabadilika.

Kwa nini sisi tuliosoma Kenya tunaumia hasa hapa? Mimi nina maelezo yangu. Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa wakaitwaa Uingereza. Kwa miaka mingi wakubwa wakawa wanasema Kifaransa, makasisi wanaandika Kilatini, na mkulima amebaki na maneno yake mafupi, pamoja na mengine yaliyoletwa na watu wa Skandinavia waliohamia kabla ya hapo. Ndiyo maana Mwingereza wa leo ana kabati mbili za maneno. Sebuleni ameweka postpone, tolerate, extinguish. Jikoni ameweka put off, put up with, put out. Kitu ni kile kile, kabati ndizo mbili. Sasa Kiingereza kilipotufikia sisi kilikuja na karani, mmisionari na mtihani. Tulikaribishwa sebuleni, tukapewa kiti kizuri, na jikoni hatukuonyeshwa. Mgonjwa mwenye maumivu, mtalii aliyechoka, mtu anayenong'ona kwenye simu, hao wote wanaongea ya jikoni.

Shule haijasahau kabisa. Kwenye KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, karatasi ya pili ya Kiingereza, swali la sarufi lina alama 15, na humo mikia hupewa alama zake mbili tatu. Tunafanyaje? Tunakariri orodha usiku wa kuamkia mtihani. Get up, get by, get over, get on, get away, get through. Asubuhi zote zimekuwa uji mmoja. Nasema hivi bila kumlaumu mwalimu yeyote, maana mimi mwenyewe nilinunua kijitabu cha namna hiyo kule ng'ambo, nikakifunika kwa gazeti nisionekane, nikakariri mia moja na ishirini. Nilivyoingia kazini niliweza kutambua vinne.

Kilichonitoa huko ni Kiswahili. Mnacheka. Subirini.

Sisi tuna mikia tangu utotoni, tena yetu imegandana na kitenzi hata hatuioni. Unafunga mlango, kisha unaufungua. Unaziba, unazibua. Unavaa koti, unalivua. Kisehemu kidogo cha mwisho kinapindua kitendo chote. Mwingereza akitaka kuvaa anasema put on, akitaka kuvua anasema take off. Au chukua huu: unga umeisha. Mimi je? Nimeishiwa na unga. "I have run out of flour." Pale tulipoweka -iwa yeye ameweka out of. Chukua kwenda na kuendelea. Go, go on. Chukua kutupa na kutupilia mbali. Ukinitupia mpira naweza kuudaka nikakurudishia, lakini ukisema umeitupilia mbali ile barua, basi, hakuna kurudi. Throw, throw away. Kuna mtu aliwahi kuniambia Waswahili hawawezi kuelewa mambo haya, na huyo hakuwahi kukaa na shosho anayesema Kiswahili.

Na kama mnataka kichaa kabisa, tazameni piga. Tunapiga simu, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga mswaki, tunapiga hodi, tunapiga chuku. Siku moja nilimweleza mwenzangu wa zamu, Mwingereza, kwamba kwetu nguo inapigwa pasi na mtu anapigwa picha. Akaweka kikombe chini akaniuliza kama kuna kitu chochote kwetu kisichopigwa. Mtoto wa mitaa yetu hapa, wa Bondeni au wa Free Area, haijui orodha ya piga. Hakuna aliyemkalisha akamwandikia ubaoni. Alisikia "hebu mpigie baba simu", akaona simu, akaona baba, ikaisha hapo.

Basi nikaanza kuutazama mkia. Na hili ndilo nililokuja kuwaambia leo, mengine ni mapambo: mzigo wa maana mara nyingi uko kwenye kijineno cha nyuma. Sisi macho yetu yanakimbilia kitenzi kwa sababu ndicho kikubwa. Get ni nini? Get si kitu! Get ni ufunguo tu wa gari, mkia ndio barabara.

Mchukueni up. Tunaambiwa ni juu. Sawa, wakati mwingine ni juu. Lakini mara nyingi ni kabisa, mpaka kuisha. Nguo ukizianika zikakauka, "the clothes dried". Ziwa likikauka, "the lake dried up", yaani hakuna tone. Lile ziwa letu hapa limetuonyesha yote mawili, kuna miaka lilikauka tukaona vumbi jeupe likipeperuka, na sasa limefurika mpaka limemeza barabara za mbugani, na heroe wamehamia Bogoria. Turudi. Eat ni kula, eat up ni kula sahani ibaki safi. Tear ni kuchana, tear up ni kuchanachana vipande vipande. Use up, ukatumia ukamaliza. Mgonjwa akiambiwa "drink up" hajaambiwa anywe akitazama juu, ingawa nilimwona mmoja wetu akifanya hivyo, akidhani ni maelekezo ya tiba.

Na up ina upande mwingine, kutokea mahali ambapo hukuwepo. Turn up, show up, come up. "He turned up at midnight", akatokea saa sita usiku. Ukishikilia hizo mbili, kuisha kabisa na kutokea, utapenya kwenye nyingi. Sisemi zote. Zipo zitakazokukataa, na hizo zipokee kama unavyompokea shemeji mkorofi, bila kuuliza kwa nini.

Off nayo ni kuachana, kubanduka. Take off, nguo imeachana na mwili, ndege imeachana na ardhi. Call off, harusi imefutwa. Wear off, dawa ya maumivu imeisha nguvu, na hili wauguzi lishikeni, maana atakayewaambia "it's worn off" hakusifu, anataka nyingine. Lakini kwenye off kuna shimo moja ambalo Mkenya huingia na miguu yote miwili. Mlinzi wa usiku, uko hapa? Haya. Mzungu akikuambia "the alarm went off at two", utaandika nini kitabuni? Utaandika king'ora kilizima saa nane. Sivyo. Kililia! Kiliamsha mtaa mzima.

Hapo nilibishana na off miezi kadhaa. Imekuwaje kitu kinachowaka kiwe off? Mpaka siku moja nikiwa kwenye basi neno la Kiswahili likanijia lenyewe: kufyatuka. Mtego umefyatuka. Bunduki imefyatuka. Kilichokuwa kimezuiwa kimeachiliwa. "The gun went off." "The alarm went off." Ni kule kule kuachana, ila kilichoachana ni kifyatuo. Na maziwa? "The milk has gone off." Yameachana na uzuri wake, yamechacha. Nilimweleza sista kwamba kwetu Bonde la Ufa tunayachachisha kwa makusudi na kuyaita maziwa lala au mursik, na tunalipia. Hakuonja, lakini aliacha kuyamwaga mbele yangu.

Out nitapita haraka. Ni kutoka, au kuisha, au kujulikana. Run out, sell out, find out. Moja tu nisimame nayo kwa ajili ya majirani zetu wa Gilgil. Kule kuna chuo cha Huduma ya Vijana kwa Taifa, na kila mwaka wazazi wanavaa vizuri kwenda kuona watoto wao wakihitimu kwenye paredi. Tunasema "my son has passed out", na tunachinja mbuzi. Kwa Kiingereza cha jeshi hilo ni sahihi kabisa. Lakini ukimpigia rafiki wa London ukamwambia hivyo hivyo atakuuliza kama umeita ambulensi, kwa sababu kwake kijana amezirai.

Na ndiyo taabu ya mikia, kitu kimoja kinabeba nyumba tatu. Bring up ni kulea mtoto. Bring up ni kuibua jambo kikaoni. Na bring up ni kutapika. Asubuhi moja binti wa mgonjwa aliniambia, "He's brought up his breakfast." Nikashangaa mzee mwenye fimbo mbili amepandishaje sinia, na wodi yenyewe iko chini. Nikampongeza. Nilikuwa bado natabasamu nilipoiona shuka.

Put down ni mbaya zaidi. Unaweka simu chini, put down. Mama anamlaza mtoto kitandani, "I've just put the baby down", na hapo unatakiwa kunyamaza kimya mtoto asiamke. Lakini mtu akikuambia kwa macho mekundu "we had to put the dog down", usimwambie amwinue. Mbwa amechomwa sindano ya kumpumzisha, hayupo tena. Mwenzangu mmoja wa Kenya alishauri mbwa awekwe kwenye blanketi, sakafu isimpige baridi. Aliniambia mwenyewe, hakuwa na haja ya kutunga.

Sasa sarufi kidogo, halafu nitawaachia chai.

Mkiwa na kiwakilishi, it, him, them, mara nyingi kinaingia katikati. "Pick it up." "Turn it down." "Throw it away." Ukisema "pick up it" umevunjika. Hili lisiwashangaze, sisi tunafanya vilevile: nitaitupilia mbali, ile -i- imekaa tumboni mwa kitenzi, haijawekwa mkiani. Kama kitu kimetajwa kwa jina unaweza kukiweka popote, "turn the radio down" au "turn down the radio", hakuna polisi atakayekusimamisha. Ila kuna vitenzi vinavyokataa kupasuliwa. "Look after her." "Get over it." "Run into him." Huwezi kusema "look her after" hata ukipigwa. Utajuaje kipi ni kipi? Walimu wana maelezo marefu juu ya hili na ni ya kweli, lakini mimi simu inapolia sina nafasi ya maelezo marefu. Dawa yangu ni daftari. Usiandike look after. Andika look after her. Usiandike put off, andika put it off. Kitenzi kikilala daftarini na kiwakilishi chake, kitaamka nacho.

Kwenye barua za kazi, tafadhali, "I look forward to hearing from you". Hearing. Barua ngapi nimepitishiwa hapa mjini zimeandikwa "looking forward to hear from you"! Sitasema zaidi.

Kuna jambo jingine linaloniuma kwa sababu nalipenda. Kiingereza chetu cha Kenya kina tabia zake na mikia. Tunaikata inapohitajika, tunaiongeza isipohitajika. "I will pick you at the stage." Hapa Nakuru kila mtu ameelewa, utasimama stejini na gari litakuja. Mwingereza anaelewa kwamba utamchagua, kama nyanya sokoni, kwa sababu umeacha up. Halafu ile up tuliyoiokoa hapo tunaenda kuibandika kwengine: "I can't cope up with this work." Cope haina mkia huo, ni cope with tu. Ni kama tuna up moja ya familia, tunaihamisha nyumba hadi nyumba. Mimi nikiwa hapa nasema nitakupick stejini na sitaacha. Lakini nikimpigia mtu wa Leeds naivaa up yangu.

Mnaniuliza mjifunze vipi. Nitawaambia nilivyofanya mimi, na mwalimu wenu anisahihishe baadaye nikiwa nimeondoka.

Orodha za mpangilio wa kitenzi niliziacha. Get ishirini kwa pamoja zinapigana kichwani. Daftari langu nililigawa kwa mahali: wodini, kwenye simu, dukani, kwenye basi, kwa jirani. Kwenye ukurasa wa wodini mlikuwa na come round, pass out, throw up, swell up, come out in a rash, yaani kutokwa na vipele, na ile ya wazee wote, "my knee's playing up", goti linanisumbua leo. Dereva wa watalii hahitaji come out in a rash, Mungu apishe mbali. Yeye anahitaji pull over, kusimamisha gari kando, na slow down, na set off saa kumi na mbili asubuhi, na "we've run into traffic", na break down, maana gari litaharibika siku moja. Vitatu kwa wiki vinatosha. Nilivyokuwa na pupa nikaweka kumi, nilikuwa sipati hata kimoja.

Kila kimoja nilikiandikia sentensi yenye mtu ninayemjua na jambo lililotokea kweli. "My neighbour came round for tea on Sunday." "The old man came round at nine." Hizo mbili niliziandika ukurasa mmoja, zikitazamana, usiku ule ule baada ya aibu ya simu, na mkono ulikuwa bado unatetemeka.

Masikio kwanza, kinywa baadaye. Hili vijana hamlipendi, mnataka kunena mara moja. Lakini mtihani wa IELTS wa kusikiliza una maswali 40 na sauti unaisikia mara moja tu, hairudiwi. Na hata bila mtihani, ukisema "tolerate" pahali pa put up with, dunia haianguki, watakuona mtu wa heshima kidogo. Ukishindwa kuelewa put up with inapotoka kwa mwingine, hapo ndipo pana hasara. Na kwenye barua rasmi kwa afisa, bakini na ya sebuleni, andikeni postpone. Jikoni pana heshima yake lakini humwalikii gavana huko.

Halafu ulizeni. Nilikaa mwezi mzima nikitikisa kichwa kwa mambo nisiyoyaelewa kwa sababu niliogopa wangesema Mwafrika huyu hajui Kiingereza. Sista yule wa simu ndiye aliyeniketisha, akanifundisha sentensi moja ya kuniokoa: "Sorry, can you say that another way?" Ajabu yake ni kwamba wao wenyewe wakiulizwa wanakwama. Mgonjwa mmoja alifikiri dakika nzima jinsi ya kusema playing up kwa njia nyingine, akaishia kunionyesha goti.

Saa yangu inaniambia nusu saa imepita na maji ya chai nayasikia. Kabla hamjasimama, mgeukie jirani yako umwambie sentensi moja ya kweli: wiki hii umeishiwa na nini? Naanza mimi. "I ran out of gas on Thursday, and the githeri was still hard."

Ukumbi ukageuka soko. Nilisikia unga, nilisikia bando, nilisikia karo, na mama mmoja wa mstari wa mbele akasema sabuni kwa sauti ya kulalamika kama kwamba mimi ndiye niliyeimaliza. Nyuma kabisa akasimama dereva wa lori, mtu mzima, kofia mkononi, akakohoa akasema kwa nguvu: "I ran out fuel at Salgaa!"

"Of!" wakamjibu wote kwa pamoja, hata yule kijana wa mlangoni.